Pengo la Kituo cha La Garza

Baada ya miaka ishirini na minane katika karakana ya jumba letu la makumbusho hapa Alamosa, Bwana Eladio Trujillo anastaafu tarehe 30 Juni 2009.

Njia zote za reli ya mfano katika chumba cha chini alizilaza kwa mkono: reli tatu juu ya mataruma ya ukubwa wa njiti za kiberiti. Treni pana hutumia zile mbili za nje. Treni nyembamba huchangia nayo moja ya nje, na ya pili ni ile ya kati. Misumari aliibana midomoni, kwa hiyo kila swali alilijibu kwa “mm”. Ilituchukua mwaka mzima kutofautisha “mm” ya ndiyo na ya hapana. Burito yake, chapati ya kukunja yenye mchuzi wa pilipili, aliipasha moto juu ya transfoma, hadi siku mchuzi ulipochuruzika na Alamosa yote ya mfano ikazimika.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo mtu wa reli huliona papo hapo. Kituoni La Garza, reli ya kuchangia aliiweka upande wa mbali, treni nyembamba ikasimama mbali na jukwaa. Tulimtania kwamba abiria wake wanahitaji mbawa. Hakucheka. Alishikilia kwamba ndivyo ilivyokuwa katika kituo halisi, kwani alipokuwa na miaka mitano baba yake alimbeba kuvuka pengo lile. Majira ya baridi yaliyofuata baba alifariki, na hana kumbukumbu nyingine yake. Reli halisi ziling’olewa zamani. Hapakuwa na pa kwenda kupima.

Aprili hii Bi. Wilma Haskett, mkulima wa viazi, alituletea picha ya kituo hicho ya mwaka 1949. Treni nyembamba imesimama ubavuni mwa jukwaa; hata mtoto angepanda mwenyewe. Tulitamani tuifiche.

Don Eladio, kama tunavyomwita kwa heshima, aliitazama sana, kisha akachukua koleo. Kwa siku tisa aling’oa reli ya kati na kuihamisha, ili ya kuchangia iwe upande wa jukwaa. Alipomaliza alisukuma behewa kwa kidole, likasimama panapotakiwa. Akatema misumari kiganjani, jambo asilolifanya ovyo.

“Kumbe pengo halikuwepo,” alisema. “Basi mzee alinibeba kwa kutaka tu.”

Ahsante, Don Eladio. Tutaitamani ile “mm” yako. Tunakutakia mapumziko mema, na usikose wa kukubeba hata pasipo na pengo.