Mlango wa Sangwa

Kri. Kri. Kri. Skurubu zilikuwa zikifunguliwa gizani. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, mvua inapiga mabati, na Gahongayire akainua kichwa kusikiliza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa sauti hiyo tunaanza kumkumbuka Sangwa, fundi cherehani wa Biryogo, hapa Kigali. Ilikuwa Aprili 1992. Leo ni mwaka mmoja.

"Unafanya nini na mlango wangu?" mkewe akauliza.

"Nauazima."

"Na sisi tulale wazi?"

"Mwizi gani atatoka na mvua hii, Mama Kaliza? Na akija achukue nini, mimi au cherehani? Sote wawili tunalia mafuta."

Gahongayire alitaka kucheka. Ndipo akasikia mayowe kutoka bondeni. Udongo ulikuwa umeporomoka usiku ule, na nyumba za matofali mabichi zimewalalia watu. Waokoaji wa kujitolea wa mtaa walikuwa kumi na wawili, Sangwa akiwa mmoja wao. Machela zao zilikuwa mbili. Sangwa akajitwika mlango kichwani, akaondoka.

Mlango ule, wasikilizaji, ndicho kitu cha kwanza alichonunua alipojenga. Madirisha yalisubiri miaka miwili. Kila Idi alimsimamisha binti yake Kaliza mlangoni, akakata alama ndogo kwa kisu juu ya utosi wake. "Ukifika kwenye komeo," alimwambia, "nitakuonyesha kushona." Alama ya mwisho ilikuwa chini ya komeo, vidole vinne.

Asubuhi ile watu watatu walibebwa juu ya mlango huo hadi zahanati. Sangwa alishika mbele, jirani yake Jean-Bosco alishika nyuma. Waliporudi, walisikia bibi mmoja akiita chini ya paa. Sangwa akaingia.

"Nilimwambia ngoja, ukuta iko nasogea," anasimulia Jean-Bosco. "Akasema, bibi amengoja tangu usiku. Akamsukuma bibi nje, nikampokea mikono. Yeye sikumpokea."

Wa nne kubebwa juu ya mlango wa Sangwa alikuwa Sangwa mwenyewe.

Waokoaji waliokufa siku ile walikuwa watatu. Nasema tena, watatu. Lakini wiki iliyopita, serikali ilipoandaa siku ya kuwaenzi, orodha ilikuja na majina mawili. Sangwa alikuwa ameandikwa pamoja na waliofukiwa nyumbani mwao, kwa sababu mwili wake haukuwa na kitambaa chekundu cha mkononi walichovaa waokoaji.

Ijumaa Gahongayire alimfuata afisa mwenye orodha, amemshika Kaliza mkono.

"Vitambaa vile alivishona yeye," alisema. "Vyote kumi na kimoja. Alimaliza vya wenzake kwanza, nguo ikaisha. Alisema chake kitangoja."

"Mama, mimi naandika kilichoonekana," afisa akajibu, bila ukali. "Nikianza kuandika kinachosimuliwa, kesho nitakuwa na mia."

"Basi ngoja uone," akasema Gahongayire, akaketi chini. Hakutaka pesa. Hakutaka medali. Alitaka Kaliza alisikie jina la baba yake likisomwa na wale waliotoka kuokoa.

Kwa familia ya Sangwa, na kwa familia za wenzake wawili, tunawapa pole. Hatuna neno la kuwaponya. Na wewe unayetusikiliza jioni hii, umelala nyuma ya mlango uliofungwa, jiulize ungeufungua skurubu kwa ajili ya nani. Mimi nimejiuliza, na jibu langu bado linanitisha.

Jumamosi majina yalisomwa. Yalikuwa matatu, na la tatu lilikuwa limeongezwa kwa kalamu. Acha niwaambie lilivyoongezwa, kisha ninyamaze.

Ijumaa ileile, kabla ya saa sita, Jean-Bosco aliingia uani kwa afisa akiwa na watu watatu. Walikuwa wale waliobebwa, na mmoja anachechemea mpaka leo. Walikuwa wameuomba mlango kutoka zahanati, ambako mwaka mzima ulitumika kama kitanda. Wakausimamisha ukutani. Gahongayire, ambaye mwaka mzima alilala nyuma ya kitenge kilichotundikwa, aliutazama, asiweze kuugusa.

Afisa aliuzunguka taratibu. "Nawaheshimu, wazee wangu," alisema. "Lakini Biryogo iko milango mingi. Nitajuaje huu ni wake?"

Kaliza aliuachia mkono wa mama yake. Akaenda mlangoni, akageuka, akaubana mgongo wake kwenye mbao, akanyoosha shingo kama alivyofundishwa. Nyuma ya kichwa chake alama za kisu zilipanda moja moja. Akapapasa kwa mkono juu ya utosi wake mpaka akagusa chuma.

"Nimefika kwenye komeo," akasema.