Aliyekataa Kuwasha Kiberiti: Ndugu Eliakimu Anaeli Anaiaga Bohari ya Ilala

Tarehe 31 Desemba 1982, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Ndugu Eliakimu Anaeli anastaafu usimamizi wa bohari ya halmashauri yetu, Ilala. Anayeandika wasifu huu ni Mpare, na mstaafu ni Mchagga wa Machame, kwa hiyo wasomaji watuvumilie. Utani baina yetu ni haki ya kuzaliwa, na hii ndiyo nafasi ya mwisho kuutumia kwenye karatasi ya ofisi.

Alianza kazi mwaka 1955 akiwa tarishi mwembamba mwenye baiskeli ya kuazima. Akawa mpakiaji mizigo, akawa karani wa vifaa, mwisho akakabidhiwa funguo za bohari. Wengi tulidhani Mchagga akipewa funguo atafungua duka. Yeye alifungua madirisha, akafagia, akapanga majembe na mafagio kwa safu, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kutoka pale na hata msumari bila kuulizwa unakwenda wapi.

Kazi moja tu ya bohari hakuipenda. Kila mwisho wa mwaka, vitu vilivyochakaa kutoka ofisini, shuleni na zahanati vililetwa uani, vikakaguliwa na kamati, kisha vikachomwa moto mbele ya mashahidi ili asitokee mjanja wa kuvichukua. Ndivyo utaratibu ulivyotaka. Mwenye bohari ndiye aliyewasha kiberiti, na kila mara alikuwa akiwasha huku ametazama pembeni.

Mwaka 1979 alikwenda kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa jirani yake, ambaye sasa alikuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee. Alimkuta amelala sakafuni juu ya gunia, na wenzake wengi vivyo hivyo, maana vitanda vilikuwa havipatikani, kama sabuni na kama kila kitu siku zile. Wiki ileile uani kwetu kulikuwa na rundo la vitanda vya zahanati, vingine vimevunjika mguu mmoja tu, vikingojea moto. Siku ya kuchoma ilipofika, Ndugu Eliakimu alikiweka kiberiti mezani, akasema hawashi.

Aliitwa kujieleza. Sisi Wapare, ambao tuko radhi kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku, tungejieleza hadi jua lizame. Yeye aliomba mambo mawili tu: lori la taka siku za Jumamosi, na ruhusa ya kuzungumza na vyama vya hisani. Mkuu wa idara alikubali kujaribu, kwa sharti kwamba likifika lalamiko hata moja kutoka kwa wananchi, mpango unakufa na moto unarudi.

Vyama vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha akina mama wa usharika wake, na kingine cha wanawake wa Kariakoo, kikiongozwa na Bi. Zeina Salem, mwenye duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu. Kila chama kilikuwa kikisaidia watu wake, na hakuna aliyewahi kuwaketisha pamoja. Ofisini Bi. Zeina alikataa kuja, akisema huko mtu huketi benchi asubuhi akaitwa jioni. Basi Ndugu Eliakimu akahamishia vikao nyumbani kwa Bi. Zeina, juu ya mkeka, kwa kahawa na kashata. Huko ndiko halmashauri ilikokubaliana na hisani: lori litakusanya, mafundi wa bohari watatengeneza mbao na mabati, akina mama watashona na kufuma, kisha vitu viende kwa wasio navyo.

Sasa tufike kwenye ile Jumamosi. Mitaa ilitangaziwa kwamba mwenye kitu asichokihitaji akiweke nje ya mlango, lori litapita. Bahati mbaya ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kila mkazi wa Kariakoo anajua siku hiyo watu husafisha nyumba, wakatoa vitanda vyao vya kamba juani na kuvimwagia maji ya moto kuua kunguni. Ndugu Eliakimu, aliyekaa mbele na dereva, aliona mtaa mzima umejaa vitanda mbele ya milango, na machozi yakamlengalenga kwa ukarimu wa watu. Vikapakiwa vyote. Wenyewe walikuwa ndani wakichemsha maji.

Wa kwanza kufika bohari alikuwa Bi. Kuruthumu, birika la maji ya moto lingali mkononi. "We baba," alisema, "sisi tunafukuza kunguni, wewe unafukuza vitanda! Leo nilale wapi?" Nyuma yake lilikuja kundi zima.

Lalamiko lililokuwa limekatazwa lilifika, tena kwa makelele. Mkuu wa idara aliahirisha uamuzi hadi Jumatatu. Ndugu Eliakimu hakumlaumu dereva wala mpakiaji. Aliwaita akina mama wa vyama vyote viwili, wakakaza kamba zilizolegea, mafundi wakanyoosha miguu, na Bi. Zeina, anayejua kila nyumba ya mtaa wake, akawa anataja kitanda hiki ni cha nani. Kabla ya magharibi vyote vilikuwa vimerudi. Mwenyewe alipita mlango kwa mlango kuomba radhi, na kwa aibu aliyokuwa nayo aliwapigia shikamoo hata watu aliowazidi umri. Wakaitikia marahaba, wakicheka.

Jumatatu Bi. Kuruthumu alirudi, safari hii ofisini kwa mkuu. Alisema kitanda chake kilikuwa kikiyumba tangu arusi yake, na sasa kimetulia, basi mpango uendelee, ila hao vijana wajifunze kubisha hodi. Ndivyo ilivyoamuliwa. Tangu siku hiyo lori letu halibebi kitu mpaka mwenye nyumba aitikie, na kwa kubisha hodi tumejua nani anacho na nani hana.

Leo katika ile nyumba ya wazee hakuna anayelala chini. Yule jirani alifariki mwaka jana, akiwa kitandani. Madawati yaliyokuwa yachomwe yamekaliwa na watoto, na akina mama wa usharika wanapikiana futari na wa Kariakoo. Mchagga amegawa vitu bure miaka hii yote, na utani wetu wa duka umefilisika.

Alipopata barua ya kustaafu hakuuliza kiinua mgongo. Aliuliza kama moto utarudi, na mwezi mzima tumemwona hana raha. Wiki iliyopita kikao kimeamua: mpango ni wa halmashauri sasa, si wa mtu, na kusimamia lori amepewa mtani wake, huyu anayeandika.

Asante, Ndugu Eliakimu. Asante kwa kutufundisha kuona kitu kizima ndani ya kilichovunjika. Mungu akupe afya, migomba yako ya Machame izae, na wajukuu wakuchoshe. Jumamosi hii ulale mpaka jua lipande. Tutakukosa sana, lakini lori litatoka.

Elisaria Kasmir
Kwa niaba ya wafanyakazi wa bohari