Mfaume Saidi na Maji ya Upande wa Matete

Tarehe 31 Desemba 1957 Bwana Mfaume Saidi, mpima maji wa Idara ya Afya hapa Tabora, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi.

Kazi yake ilikuwa bwawa la kuogea la mjini: kila Jumatatu kujaza chupa za maabara, kusaka konokono wa kichocho, kisha kubandika cheti cha kuruhusu watu waoge au kuwakataza. Hakukosa Jumatatu hata moja. Hata siku ya harusi yake alipitia bwawani kwanza, jambo ambalo mkewe hajalisahau.

Alisifika pia kwa buti zake za serikali, alizozing'arisha hata ukaweza kujitazama. Hakupenda ziguse tope, kwa hiyo maji aliyachota akiwa amesimama kwenye gati la mbao, penye kina. Vyeti vikatoka safi mwaka baada ya mwaka.

Septemba 1943, wiki moja kabla ya Idi, Batuli, dobi wa mtaa wa Ng'ambo, alimwamkia vizuri, kisha akamwuliza ni mtoto gani wa Tabora aliyewahi kuogea gatini. Watoto huogea kwenye matete, penye maji mafupi, na mwanawe alikuwa anakojoa damu. Bwana Mfaume alivua buti, akaingia kwenye matete hadi magotini, akatoka na kofia iliyojaa konokono.

Angeweza kuandika kwamba konokono hao wameingia juzi tu. Sisi wenzake ofisini tulimshauri hivyo, maana cheo cha mkaguzi kilikuwa kinamngoja. Alikataa. Alifunga bwawa, na Idi ile mji mzima ulimnunia. Kisha akaandika kwa mkono wake kuwa vyeti vya miaka yote vilikuwa vya gatini tu, hivyo watoto wote wapimwe. Thelathini na mmoja walikutwa na kichocho, wakatibiwa. Yeye akaletewa barua kali, na cheo akapewa mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bwana Mfaume hakuficha hata kosa lake.

Aliyepewa cheo kile ni mimi ninayeandika. Kwa miaka kumi na minne ameniletea taarifa zake akiniita Bwana Mkaguzi, bila kinyongo, wala hajawahi kunikumbusha kuwa kati ya waliomshauri aandike uongo, mimi ndiye niliyeshikilia zaidi. Naona haya, na ndiyo maana nalisema leo mbele ya watu.

Asante, Bwana Mfaume. Idara nzima inakuombea uzee wenye afya na nyumba yenye amani. Mimi, Kasimiri Ngollo, nakuomba radhi.