Mzee Bonny Okidi, Panya Wenye Mimba na Mjukuu Aliyengojwa

Mzee Bonny Okidi alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 Luzira, kwenye kambi ya askari magereza, mtoto wa marehemu Sajini Ongom na Mama Santa. Alisoma shule ya kambi, kisha sekondari mpaka kidato cha nne. Yeye na hesabu walikosana mapema, hawakupatana tena.

Mwaka 1987 aliingia maabara ya wanyama upande wa Kyambogo, akazeekea humo. Panya wenye mimba walikuwa wanajaribiwa dawa ya usingizi, halafu yeye anakata ini, figo na kondo la nyuma, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, ili madaktari waangalie kwa hadubini dawa imeharibu nini.

Mwaka 1993 alimwoa Abwola. Siku ya mahari mama mkwe alinusa shati lake.

"Kijana, unafanya kazi mochari?"

"Hapana mama, nakata figo za panya."

"Afadhali mochari," mama akasema, lakini binti akatolewa. Mungu akawapa mtoto mmoja, Babra.

Mwaka jana figo za Mzee mwenyewe zikaanza kuchoka. Babra, akiwa na mimba yake ya kwanza, akakosa usingizi kwa kumwazia baba. Duka la dawa likampa vidonge vya usingizi. Mzee aliposoma jina kwenye pakiti, alivaa miwani akalisoma tena. Ilikuwa dawa ileile ya panya. Maini yao alikuwa ameyaona, ya mama na ya vitoto, yana madoa.

"Baba, mimi si panya!"

"Najua, mama. Panya hawabishi hivi."

Daktari alimpunguzia Babra vidonge pole pole, akasema binadamu si panya, tungoje tuone. Mzee kungoja hakuweza. Kila asubuhi alimpigia Babra simu kutoka kitanda cha hospitali: "Amecheza?" Akiambiwa amecheza, anauliza, "Upande gani?" Hata nesi akija kumsafisha damu kwa mashine, anaambiwa asubiri kwanza, kuna simu ya mjukuu.

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2025 asubuhi, Babra akiwa njiani kumpelekea uji.

Ameacha mjane Abwola, binti Babra, mkwe Travis, dada yake Amito, na mjukuu mmoja ambaye bado hajazaliwa. Huyo tumemhesabu kwa makusudi. Marehemu asingekubali aachwe. Babra yuko pale mbele. Ukimpa pole, tafadhali usimshike tumbo, wala usimuulize kitu. Hata daktari hajui bado.

Mzee, zamu yako ya kungoja imekwisha, sasa ni yetu. Wewe lala kwa amani.