Baba Masta

Benchi letu limekaa mbele ya duka la fundi cherehani, katikati ya kibanda changu cha kunyolea na karakana ya matairi. Mguu wake mmoja umefungwa waya, kwa hiyo mmoja akicheka sana, wote tunayumba. Birika la kahawa ni la Breki, dereva wa lori aliyestaafu, asiyejua kusimama akianza kusema. Kuna Ustadhi, anayefundisha watoto madrasa. Kuna Besi wa matairi, ambaye kanisani anaimba sauti ya nne na hapa kijiweni anaimba zote. Halafu kuna fundi mwenyewe. Zamani tulimwita Fundi, akaitika. Tangu binti yake aingie chuo kikuu kutafuta shahada ya uzamili katika masomo ya dini, hageuki mpaka umwite Baba Masta. Nami namwita, nifanyeje? Mtoto ni wetu sote. Nywele zake za kwanza nilizinyoa mimi, na aliniuma kidole.

— Leo saa nane mchana, alisema Baba Masta huku akikanyaga cherehani, mwanangu anatetea tasnifu. Maprofesa wanne mbele yake!

— Anatetea? Breki akashtuka. Kwani nani kamshitaki?

— Hajashitakiwa mtu, Breki. Umeandika kitabu, wanakuhoji, unajibu. Ukiwajibu sawasawa, wewe ni masta.

— Wanne kwa mmoja! Na wewe baba mzazi umekaa hapa unatia vifungo?

— Ameniomba niende. Nimemwambia nina suti za harusi. Tena nikienda nitafanya nini kule? Mimi wa darasa la saba, nikae katikati ya wenye miwani, wakicheka nicheke, wakinuna ninune? Niacheni nijivunie nikiwa hapa kwangu.

Akaendelea kukanyaga. Mshono ukaenda upande, nikamwona anaufumua.

— Mimi, alianza Ustadhi taratibu, jambo moja tu linanikera, Baba Masta, usinielewe vibaya. Binti anasoma dini zote. Hii ya kwetu mimi na wewe, ile ya akina Besi, na za watu wa mbali huko. Sasa ukibeba za watu wote, ya kwako inabaki na nani?

— Ustadhi, mimi nashona suti za mabwana harusi tangu ujana wangu. Nimeoa mara ngapi?

— Mara moja.

— Haya basi!

Benchi likayumba. Hata Ustadhi alicheka, lakini kikombe alikishika muda mrefu bila kunywa.

— Nyie hamjaielewa hiyo masta, alisema Besi. Mwenye masta ya dini ni kama refa. Msikitini wakiwasha kipaza sauti na kwaya yetu ikianza mazoezi saa hiyohiyo, yeye anakuja na filimbi. Priii! Nyinyi anzeni, nyinyi subirini.

— Ndogo hiyo, akadakia Breki. Huyu atapewa ofisi. Si mnaona kila wiki anazuka nabii mpya? Sasa nabii hatahubiri mpaka awe na leseni. Binti yetu ndiye mtoaji. Kwanza mtihani wa kuandika, halafu wa vitendo.

— Wa vitendo vipi?

— Atembee juu ya maji. Pale kwenye bwawa la maji taka la manispaa. Akizama, arudi baada ya miezi mitatu, kama sisi wa magari. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hiyo methali haikai hapo, nikamwambia.

— Kinyozi, wewe nyoa. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana wasomi wote wanaumwa mgongo.

— Akishakuwa na ofisi, Besi akasema, mchungaji wetu akihubiri zaidi ya saa moja, tunampelekea malalamiko kwa maandishi.

— Na anayechelewesha futari je? akauliza Ustadhi, naye sasa kishanogewa. Huyo naye aitwe!

— Ataitwa! Baba Masta alinyanyua mkasi juu. Wataitwa wote! Mtoto wa cherehani, mabibi na mabwana! Aliyekulia kwenye vitambaa, akilala chini ya meza hii huku nashona! Leo maprofesa wanavaa tai kwa ajili yake!

Sikuwahi kumwona mtu akijivuna vile nikafurahi mimi. Kwa kawaida majivuno ya watu yananipa kichefuchefu. Haya yalikuwa kama yangu.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja, mgeni kabisa kwetu, amevaa sare ya hospitali, mkononi ana gauni lililoharibika zipu. Akaambiwa akae, fundi anamalizia. Breki akammiminia kahawa na kumsimulia habari nzima, na leseni ya manabii ndani yake. Dada akasikiliza, akatabasamu, akamgeukia Baba Masta.

— Hongera sana, mzee wangu. Na hicho kitabu chake kinahusu nini?

Cherehani ikanyamaza.

— Kinahusu dini, alisema Breki.

— Dini ndiyo. Lakini nini kuhusu dini?

Breki akamtazama Besi. Besi akamtazama Ustadhi. Ustadhi akanitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu. Miaka miwili tumejisifu kwa mtoto huyu! Nimewachosha wateja wangu wote kwenye kiti, hakuna aliyetoka pale bila kusikia habari za masta. Na katika sisi wote hakuna aliyewahi kuuliza.

— Baba Masta, nikamwambia kwa sauti ya chini, wewe si unajua?

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Haukuingia. Akajaribu tena, haukuingia.

— Alitaka kuniambia, alisema. Siku ya kwanza kabisa, alikaa hapohapo ulipokaa. Nikamkata kauli. Nikamwambia, wewe soma, kujisifu niachie mimi. Kumbe nilikuwa naogopa, jamani. Atanieleza, nisielewe, halafu aone kwamba sielewi. Mtoto akishaona hivyo, baba unabaki na nini?



— Mpigie, alisema yule dada.

— Sasa hivi anajiandaa...

— Mpigie, mzee.

Simu ikatafutwa chini ya vipande vya vitambaa. Akapiga, akaiweka sauti ya nje.

— Baba? Kuna nini?

— Hakuna neno, mwanangu. Nilikuwa nauliza tu. Hicho kitabu chako... kinahusu nini?

Tukasogeza vichwa karibu na simu.

— Kinahusu mazishi ya mama, alisema binti. Kinaanzia hapo. Mama alikuwa wa kanisani, wewe wa msikitini, na mvua ilinyesha kaburi likajaa maji. Wewe hukuwa na nguvu hata ya kusimama. Ustadhi alikunja kanzu yake akaingia mwenyewe kaburini na ndoo, akachota maji, Breki anapokea juu. Baadaye kwaya ikaimba. Halafu Besi akainua mkono, kwaya ikanyamaza, akamwambia Ustadhi, na wewe muombee. Nilikuwa mdogo, nimesimama nyuma yenu, naona. Swali langu ni hilo, baba. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Walijuaje la kufanya?

Ustadhi aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

— Sikujua kama kuna mtoto ananitazama, alisema. Wallahi sikujua.

Besi alikuwa amegeukia ukutani. Breki alikuwa anafuta birika kwa shati lake.

— Mwanangu, alisema Baba Masta, hilo nimelielewa.

— Najua, baba.

— Nimelielewa lote.

— Basi njoo. Mlango wa ukumbi uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa.

Baba Masta alikwishasimama, anavuta mlango wa duka. Suti za harusi zikabaki gizani. Besi akanawa grisi mikononi kwa kahawa iliyobaki, maana maji yalikuwa mbali. Nami nikamwambia mteja wangu, niliyemwacha kitini kanyolewa upande mmoja, anisubiri au aje vilevile. Akaja vilevile. Hata yule dada alikunja gauni lake akafuata, anasema zamu yake inaanza jioni.

Tulipofika njia panda nikaona Baba Masta bado ana tepu ya kupimia shingoni. Nikanyoosha mkono nimvue, asiingie nayo mbele za watu.

Akanipiga kibao mkononi.

— Iache hapo. Wajue ni mtoto wa nani.