Sulemani Wani na Maji ya Risasi

Wazee wetu, mashehe, wakwe zetu kutoka Ajia, majirani wa hapa Koboko, nanyi mliotoka Arua tangu alfajiri, mimi ni Tahiru, mdogo wa marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Marehemu Sulemani Wani alizaliwa tarehe 14 Mei 1940 hapa Koboko, mtoto wa kiume wa tatu wa marehemu Mzee Yakubu, askari mstaafu, na Mama Medina, ambaye tuko naye hapa. Mzee alikuwa akiyeyusha risasi ya betri kuukuu katika jiko la nyumbani, akatengeneza vipande vya kuzamishia nyavu, akawauzia wavuvi wa mtoni, na Sulemani alijifunza kutambaa kando ya jiko hilo, akilamba kila alichookota. Nasema risasi ile ya madini, siyo ya bunduki, na mtaona kwa nini nabainisha.

Alisoma shule ya msingi hapa Koboko, akamaliza sekondari Arua mwaka 1959, akaenda Kampala kujifunza kazi ya maabara, na huko akapewa kutunza panya weupe wa utafiti, akawapenda kiasi kwamba barua zake zilijaa habari za panya kuliko zake mwenyewe. Tarehe 6 Machi 1971 alimwoa Hawah Ocokoru, binti wa Ajia. Mwishoni mwa mwaka uliofuata mwalimu wake aliondoka nchini, maabara ikafungwa, naye akarudi Arua, akaajiriwa ofisi ya mifugo, na panya wake alikuja nao ndani ya basi, jambo ambalo abiria hawakumsamehe.

Miaka ikapita bila mtoto. Sisi wa ukoo, na kila aliyeko hapa anajua, tulimnyooshea kidole Hawah, shangazi zetu wakaanza kusema arudishwe kwao, tukapanga kikao cha Desemba 1975. Sulemani alikuwa amewahi kumsikia mwalimu wake akiitilia shaka risasi kwamba huharibu uzazi wa kiume. Akachukua panya waliotoka kuzaa, wengine akawapa maji safi, wengine maji yenye risasi kidogo, watoto wao wainyonye pamoja na maziwa, kisha akangoja wakue. Wakwe zangu mtaniwia radhi, neno hili halina pa kujificha, alichopima ni korodani zao. Waliolelewa kwa risasi zao zilikuwa ndogo, zilichelewa kukomaa, na wengi walipowekwa na majike hawakuzalisha, ilhali wenzao wa maji safi walizaa mpaka Hawah akakosa masufuria ya kuwawekea.

Kazi ikiwa katikati, askari wawili walisikia sokoni kwamba Wani anaficha risasi nyumbani, wakaja wakamuuliza, "Wewe iko na risasi?" naye ambaye hakujua uongo akajibu, "Ndiyo, afande, iko ndani ya maji ya panya." Alikaa mahabusu wiki mbili, Hawah akamlisha yeye kule na panya nyumbani, hadi mkubwa wao alipokwenda kutazama mwenyewe, akacheka mpaka akaketi chini.

Kikao kikafika, tarehe 20 Desemba, uani kwa Mama. Sulemani alisimama akasema kwamba yeye alikula risasi akiwa mtoto, na mjomba wetu Ayiko akamwambia avue shati tuone kovu. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, alieleza habari ya jiko na ya panya, polepole, kisha akasema, "Panya si mutu, mimi hapana weza kuapa. Lakini kama shida iko, iko kwa mimi. Tangu leo mutu asiseme Hawah." Akapiga magoti mbele ya Mama, akamwambia kwamba Mzee hakujua, naye Mama hakujua, asijilaumu. Halafu akamgeukia mkewe, mbele yetu sote, akampa ruhusa aende akaolewe mahali atakapopata mtoto, na Hawah akajibu, "Chakula inapoa. Twende nyumbani." Wakaondoka, na habari ya kumrudisha ikaishia hapo.

Mwaka 1978 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Arua mwezi Novemba, akapata nafuu, akalazwa tena Januari, na jana, Ijumaa tarehe 9 Februari 1979, jioni, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa Hawah. Ameniachia pengo, sijui nitalizibaje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Arua waliovumilia harufu ya panya miaka yote hiyo, wafanyakazi wenzake, hasa Bwana Obeti, aliyetutafutia gari la kumleta nyumbani wakati huu ambao petroli ni shida.

Sehemu ya watoto nimeiruka kwa makusudi, Hawah ameomba iwe ya mwisho. Amenikataza kusoma kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Ameagiza nisome kwamba walimngoja mtoto wa kike, wakampa jina Aminah, na kwamba kila jioni walipokula walimzungumzia, angefanana na nani, angependa chakula gani, na kwa hesabu yao mwaka huu angeanza darasa la kwanza.

Pumzika kwa amani, Baba Aminah.