Kanda Iliyoishia Katikati ya Kilio: Historia ya Marehemu Maruthappan

Ndugu wafiwa, mama mkwe, shemeji, majirani, na ninyi wote mlioingizwa humu uani kabla geti la mbele halijafunguliwa saa tisa kwa ajili ya watu wa kamera, kabla ya tarehe ya kuzaliwa kuna sauti, nayo ilisikika usiku wa tarehe 2 Oktoba 2023, saa nane na nusu, ndani ya nyumba hii hii, wakati mkwe mdogo wa marehemu, Poongodi, ambaye ndiye anayewasomea, ameketi sakafuni anamnyonyesha mwanawe, akasikia mvukuto wa kinanda cha marehemu unapumua chumba cha pili, unapumua tu bila noti, kama mzee anayepanda ngazi, halafu juu ya pumzi ile ikaja sauti ya marehemu mwenyewe akiimba ule wimbo wa shada ambao kila aliye hapa amewahi kuucheza harusini, isipokuwa maneno hayakuwa ya shada wala ya bibi harusi, yalikuwa yanamwambia mtoto asiogope mchanga. Tutarudi hapo. Historia ina utaratibu wake, na utafuatwa.

Marehemu Maruthappan, aliyeandikwa kwenye mabango kama Maruthan, Mfalme wa Lugha Nne, cheo alichokitunga mwenyewe akampa mwandishi mmoja wa gazeti akichapishe kana kwamba ni wananchi waliomwita hivyo, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1956 katika kijiji cha Poovanur, karibu na Usilampatti, wilaya ya Madurai, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Sangaiah, mchimba visima, na mama Ochammal, aliyekuwa akiitwa na vijiji kumi na viwili kwenda kuongoza kilio msibani, kazi ambayo marehemu alipohojiwa kwenye televisheni aliibadilisha jina, akasema mama yake alikuwa mwalimu wa muziki wa kale. Alibebwa kiunoni na dada yake Karuppayi, aliyemzidi miaka mitano, mpaka umri ambao wenzake walikuwa wanachunga mbuzi, na anayedhani huo ni mzaha akamtazame dada mwenyewe, yu hai, nyonga yake ya kushoto imeinama mpaka leo.

Alianza shule ya msingi Poovanur mwaka 1962, akaendelea Usilampatti, akaishia darasa la nane mwaka 1970 baada ya kufeli hisabati, sayansi na Kitamil, lugha ya mama yake, ambayo baadaye chuo kikuu kimoja kilimpa shahada ya heshima kwa kuitukuza. Wanawe wawili aliwasomesha kwa Kiingereza tangu chekechea, hakuna hata mmoja anayeweza kusoma herufi za Kitamil, na ndiyo maana kazi hii imemwangukia msichana aliyemaliza sekondari kijijini, kwa sababu jana shemeji Dinakaran, mtoto mkubwa wa marehemu, alimkabidhi karatasi iliyoandikwa na katibu wake, akamwambia, "Soma kama ilivyo, usitie chumvi yako," na tangu asubuhi amesimama hapa begani anaikagua karatasi hii, ambayo siyo ile, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa amejua. Shemeji, kaa, kwako bado.

Kikazi, marehemu alihamia Madras mwezi Juni 1975, akabeba sanduku la kinanda la kikundi cha maigizo miaka minne, kisha akapiga kinanda chenyewe, na kuanzia 1981 hadi 1987 alikuwa msaidizi wa mtunzi mmoja wa muziki wa filamu ambaye hatutamtaja, na wenzake wa siku hizo wanakumbuka kwamba hakuwa hodari wa kubuni, alikuwa hodari wa kukumbuka, "Ukipiga mluzi mbele ya Maruthan," mzee Gnanamuthu mpiga ngoma, yule pale, huwa anasema, "ujue mluzi wako umeuaga." Tarehe 10 Juni 1983 alifunga ndoa Madurai na Kothainayaki, mama yetu aliyeketi kichwani pa mwili, wakajaliwa watoto wawili, Dinakaran, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1985, na Elango, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1994, ambaye ndiye mume wa huyu anayesoma, na ambaye jana usiku alimwambia mkewe, "Fanya utakalo, mimi sitakushika wala sitakutetea," na hilo, kwa wanaume wa nyumba hii, ni ushujaa.

Turudi kazini, maana kazi yenyewe ilianzia hapa. Tarehe 9 Machi 1987 huko Poovanur, mtoto wa mwisho wa dada Karuppayi, mvulana aliyepatikana baada ya mabinti wawili, jina lake Chellaiah, alifariki kwa homa akiwa na miezi saba na siku kumi na tatu, na marehemu akafika kwa basi la asubuhi na begi la nguo lisilo na nguo, ndani mlikuwa na redio kaseti ya studio, akaisukuma chini ya kitanda cha kamba alicholazwa mtoto, akalala kifudifudi pembeni, wanawake wakaambiana, "Mtazameni mjomba anavyoumia," kumbe mjomba anachungulia kama kanda inazunguka. Na kwa ambao hawakutoka kwetu, kilio chetu huimbwa mbele ya maiti tu, nyumba isiyo na maiti haikiimbi, hata ukikivumisha puani huku unasaga unga mama yako atakuzaba kofi, kwa sababu ni kuita, na kikishaanza hakikatizwi, kina nusu ya kwanza ya kumlilia aliyekufa na nusu ya pili ya kumsindikiza, kumtajia njia, mto, jiwe la mpakani, mpaka afike, na asiyesindikizwa anabaki wapi, hilo halisemwi kwa sauti mbele ya watoto.

Dada Karuppayi alikuwa amemaliza nusu ya kwanza, anavuta pumzi aingie ya pili, chini ya kitanda pakalia tak, upande mmoja wa kanda umekwisha. Akainama, akaona.

"Hiki nini, Marutha?"

"Ukumbusho tu, dada."

"Ukumbusho wa nani?"

Marehemu alikuwa anageuza kanda upande wa pili. Dada hakuimba tena, mtoto akazikwa hivyo hivyo, na tangu siku ile hao wawili hawakusemezana.

Mwaka 1988 marehemu alipata filamu yake ya kwanza ya Kitamil, akafanya kama wafanyavyo watunzi wote wa filamu, akamwimbia mtunzi wa maneno tuni tupu, na-na-na, bila neno, ili mwenzake aweke ya kwake, na katika na-na-na hiyo kilio cha Chellaiah kikapita kama mwizi aliyevaa suti, kikavishwa shada, kikawa wimbo wa bibi harusi. Mwaka 1989 akauhamishia Hyderabad, kwenye filamu ya Kitelugu, akaongeza tarumbeta, na mtunzi wa maneno wa kule, mtu wa watu, akamwambia, "Mwalimu, mbona hii tuni inataka kulia?" marehemu akamjibu, "Basi iambie itabasamu, tunaanza kurekodi saa nne." Mwaka 1991 ukaenda Kerala kwa Kimalayalam, ukatiwa zumari na mvua, mwaka 1993 ukafika Bangalore kwa Kikannada, ukatiwa fidla arobaini, na kila mahali wakampa tuzo, wa Hyderabad wakaandika kwamba tuni hii inanukia udongo wa mto wao Godavari, wa Kerala wakasema haiwezekani, hii imezaliwa kwenye mvua zetu, wa Bangalore wakamvika kilemba, wote wanagombea maiti ya mtoto wa Poovanur. Filamu mia moja na kumi na nane zilizofuata, mnazijua, hakuna anayeziimba. Na ule mwisho wake wa ghafla, unaokatika kabla sauti haijashuka, umesifiwa kwa lugha zote nne, yuko profesa wa Mysore aliyeandika kurasa arobaini kwamba mtunzi ameacha mlango wazi ili mapenzi yaingie, na kama profesa yumo humu tunamjulisha kwa heshima zote kwamba hakuna mlango, kanda iliisha.

Wanawake wa Poovanur waliposikia wimbo ule redioni walizima redio. Hakuna aliyewauliza kwa nini.

Tarehe 9 Juni 2022 Poongodi, ambaye mama yake ni binti wa Karuppayi, aliolewa na Elango, ndoa ya kindugu kama ilivyo desturi, na chini ya banda la harusi bendi ikapiga wimbo wa shada, kwa fahari, baba mkwe mwenyewe anahesabu mapigo kwa kidole, ndipo bibi Karuppayi, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu tu, akainuka chakula kikiwa nusu, akalikunja jani la mgomba alilopakuliwa wali kuelekea nje, tunavyolikunja msibani, akaenda zake kituoni. "Bibi yako ana kiburi," mama mkwe alisema, "hata wali wetu unamwasha koo?" na bibi harusi akacheka, Mungu amsamehe, alicheka. Mtoto wao, Iniyan, alizaliwa tarehe 5 Machi 2023, na tangu afikishe miezi minne amepata homa mara tatu, kila mara macho yanageuka juu, daktari anasema ni meno, na huenda ni meno, lakini leo ana miezi saba na siku kumi na mbili, na mama yake anajua kuhesabu mpaka kumi na tatu ya Chellaiah.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na figo Agosti 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na usiku ule wa tarehe 2 Oktoba, mkwe aliposikia maneno yale ya mchanga, aliinuka na mtoto kifuani, akasimama mlangoni.

"Nani hapo?"

"Ni mimi Baba, Poongodi."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Baba, nyumba hii haina maiti, unaimba nini?"

"Ndiyo maneno yake ya kwanza. Ya dada. Nusu ya pili ninayo? Sina. Miaka thelathini na sita natunga, natupa, haiji." Halafu akasema, "Usimwambie mtu, mwanangu. Niahidi."

Kabla hajajibiwa mtoto akaamka analia, mwili unawaka, ikawa shughuli ya mtoto. Hivyo mfalme wa lugha nne alikuwa na nusu wimbo, wa mtu mwingine, na alichoogopa mpaka mwisho ni kujulikana, wala hakuuliza mtoto aliyekuwa analia mbele yake ana nini. Alifariki tarehe 16 Oktoba 2023, saa kumi na dakika ishirini alfajiri.

Sasa, shemeji, ni zamu yako. Jana jioni mkwe alimwomba shemeji Dinakaran ruhusa bibi Karuppayi aje amwimbie ndugu yake, kwa kuwa mwili utatoka saa kumi, wanawake hatufiki kunakochomwa maiti za watu wazima, na maiti nyingine ya damu yake ya kuimbia bibi huyu wa miaka sabini na miwili ataipata lini, amalizie palepale alipokatizwa, mtoto asindikizwe, wimbo ufungwe, uache kuzunguka kwenye mabanda ya harusi za watu unaita. Shemeji akasema, "Yule bibi asikanyage hapa. Ikijulikana ule wimbo ni wa kilio, nani ataupiga tena harusini?" Mkwe akamwambia, "Mtoto wangu je?" akajibu, "Mtoto wako ana meno. Na ukinishinda kwa mdomo utarudi Poovanur peke yako, huyo ni wa ukoo huu." Alijua, basi. Alijua siku zote, na aliucheza kwenye harusi yake mwenyewe. Mkwe hajalala tangu saa ile, lakini herufi za karatasi hii bado zinasomeka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu miaka miwili bila kumwomba awaimbie, inawashukuru majirani wa mtaa huu kwa wali na viti, inawashukuru wanamuziki wenzake wa lugha zote nne, hasa wale ambao miluzi yao ilipotea, inamshukuru mama mkwe, ambaye tangu nimeanza kusoma hajasema "nyamaza". Mwisho kabisa tunamshukuru mlinzi wa geti la nyuma, aliyesimama pale mlango wa jikoni, ambaye tangu alfajiri amempa chai na kigoda mgeni wetu mmoja aliyeko uchochoroni, na ambaye aliombwa jambo moja tu, kwamba akisikia jina lake kwenye shukrani asingoje amri ya mtu, afungue. Asante, Basheer.

Tumpisheni. Huyo anayeingia nywele zikiwa wazi, tayari kwa kilio, ni dada wa marehemu. Shemeji, usiinuke, hakuna mwanamume anayemshika mwanamke wa namna hiyo mbele ya maiti, na wageni wako wanakutazama. Walio nje kwenye geti la mbele wakisikia watajua tuni, watadhani anaimba ule wa filamu, huenda wakapiga makofi. Waacheni wapige, hawajawahi kujua walichokuwa wanapigia.

Baba, kapumzike ukiweza, na njiani umpitie Chellaiah pale ulipomwacha, umbebe kiunoni kama ulivyobebwa, umfikishe, safari hii bila kinanda. Na ile ahadi uliyoiomba, mkwe wako anakupa sasa: waliomo humu ndani wamesikia, inatosha, hatamwambia mtu mwingine.